Vipeo Changamano Havifutani: Dhana Potofu Kuhusu Jumla za Fourier na Delta

Mlinganyo wenyewe hauna kosa:

Σ e^(inx) = 2π Σ δ(x − 2πk)

Kushoto n inapita namba kamili zote, hasi na chanya. Kulia k inafanya vivyo hivyo. Kila e^(inx) ni mshale wa urefu 1 ulioelekezwa kwa pembe nx, na δ ni delta ya Dirac, alama ya msukumo wenye eneo 1 uliokusanyika kwenye nukta moja. Kosa liko kwenye maelezo yanayoandikwa chini yake. Yanajirudia kila muhula kwenye karatasi za mtihani, kwenye ripoti za mafundi wa mawasiliano, hata kwenye slaidi za wanaofundisha: "Kama x si kizidishi cha 2π, mishale ya e^(inx) inaelekea kila upande, inafutana, jumla inakuwa sifuri. Kama x ni 0, kila kipeo ni 1, jumla inakuwa haina ukomo. Kwa hiyo ni delta."

Sentensi ya kwanza ni uongo. Ya pili ni kweli lakini haitoshi. Ya tatu haitokani na hizo mbili. Nitakaa zaidi na ya kwanza, kwa sababu anayeiamini hataelewa kwa nini mfululizo wa Fourier (fankisheni iliyoandikwa kama jumla ya mawimbi) hukataa kutulia, kwa nini grafu yake ina mapembe karibu na mruko, wala kwa nini kifaa chake kinasoma volti ambazo hazipo kwenye waya.

"Mishale inafutana, jumla inakuwa sifuri"

Shika kalamu. Tuite D_N(x) jumla ya e^(inx) kuanzia n = −N hadi N. Kwa kuwa e^(inx) na e^(−inx) zikiunganishwa zinatoa 2cos(nx), jumla hiyo ni 1 + 2cos x + 2cos 2x + … + 2cos Nx. Hii ndiyo kiini cha Dirichlet.

Weka x = π, mbali kabisa na kilele. N ikiwa 0 unapata 1. N ikiwa 1 unapata 1 − 2 = −1. N ikiwa 2 unapata −1 + 2 = 1. Inaendelea hivyo: 1, −1, 1, −1, hata ukifika N = milioni. Weka x = π/2: 1, 1, −1, −1, kisha 1, 1, −1, −1 tena. Weka x = 2π/3: 1, 0, −1, 1, 0, −1. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoelekea sifuri. Haziendi popote, zinazunguka.

Wala hatukuhitaji kuhesabu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mfululizo hauwezi kuwa na kikomo kama visehemu vyake vyenyewe havielekei sifuri. Urefu wa e^(inx) ni 1. Ni 1 kwa n = 5, ni 1 kwa n = 5000. Basi mfululizo huu hauna kikomo mahali popote, hata kwenye nukta moja ya mhimili wa x. Mtu anayeandika "jumla ni sifuri kwa x nyingine zote" ameikanusha kanuni aliyoifaulu miaka miwili nyuma, na hakuna aliyemshtua.

Picha ya mishale ni nzuri mno kuiacha, ila ichorwe vizuri. Anza na upande wa n chanya pekee: 1 + e^(ix) + e^(2ix) + … Huyo ni mtu anayepiga hatua za urefu 1, na baada ya kila hatua anageuka kwa pembe x ileile. Anakwenda wapi? Anazunguka duara. Mfululizo wa jiometri unasema jumla hadi M ni (1 − e^(i(M+1)x)) / (1 − e^(ix)). Ndani ya fomula hiyo kitovu cha duara kinaonekana, 1/(1 − e^(ix)), na nusu kipenyo chake ni 1/(2|sin(x/2)|). Kwa x = radiani 1, nusu kipenyo ni takriban 1.04. Kwa x = 0.1 ni 10. Kwa x = 0.01 ni 100. Mtu huyu hasimami, na hakisogelei kitovu. Anakizunguka daima, kwa umbali uleule.

Sasa angalia kitovu hicho kiko wapi. Sehemu yake halisi ni 1/2, x iwe yoyote. Jumla ya pande mbili ni mara mbili ya sehemu halisi, toa 1 kwa sababu n = 0 imehesabiwa mara mbili. Weka 1/2 hapo: 2 × 1/2 − 1 = 0. Sifuri yenu ni hiyo. Ndiyo wastani ambao D_N inauzunguka, na katika mifano yetu mitatu unaonekana waziwazi: wastani wa 1 na −1 ni 0, wa 1, 1, −1, −1 ni 0, wa 1, 0, −1 ni 0. D_N yenyewe haiufikii ikatulia hapo.

Mahali ambapo mishale inafutana kweli ni kwenye jumla yenye ukomo na pembe zilizogawanywa sawasawa: jumla ya e^(2πikn/N) kwa n kuanzia 0 hadi N − 1, k ikiwa namba kamili isiyogawanyika kwa N. Hapo mtembezi anakamilisha mizunguko kamili na kurudi hasa pale alipoanzia. Jumla ni sifuri kamili, na FFT yote (hesabu ya haraka inayogawa sampuli za wimbi kuwa masafa yake) imesimama juu ya ukweli huo. Naamini dhana potofu imezaliwa hapo: watu wanalichukua lile la poligoni iliyofungwa na kulibandika kwenye jumla isiyo na mwisho, ambako mtembezi hapewi ruhusa ya kusimama mzunguko unapokamilika.

Basi delta inatoka wapi?

Inatoka kwenye eneo, na kwenye kasi ya kutetemeka. Iandike D_N kwa umbo lake fupi:

D_N(x) = sin((N + ½)x) / sin(x/2)

Kilele chake kwenye x = 0 ni 2N + 1. Nje ya kilele kuna vilima vya pembeni, na urefu wao unabanwa na 1/|sin(x/2)|, kitu kisicho na N ndani yake kabisa. N ikikua, bahasha inabaki palepale. Kinachobadilika ni kwamba ndani ya bahasha mawimbi yanasongamana zaidi. Karibu na kilele hali ni mbaya zaidi kwa wanaoamini kufutana: shimo la kwanza la pembeni lina kina cha takriban 21.7% ya kilele, N kubwa iwe yoyote. Kwa N = 50 kilele ni 101 na shimo ni karibu −22. Kwa N = 500 kilele ni 1001 na shimo ni karibu −217. Linazidi kuzama, huku likisogea karibu na sifuri ya mhimili.

Sasa zidisha na fankisheni f na ufanye integrali kutoka −π hadi π. Hatua ni tatu.

Kwanza eneo. Kila e^(inx) yenye n isiyo sifuri inamaliza mizunguko kamili ndani ya 2π, kwa hiyo integrali yake ni 0. Inabaki n = 0 peke yake, nayo inatoa 2π. Eneo chini ya D_N ni 2π kwa kila N, tangu N = 0.

Pili, gawa f(x) kuwa f(0) + [f(x) − f(0)]. Sehemu ya kwanza inatoa 2πf(0) papo hapo.

Tatu, sehemu iliyobaki ni sin((N + ½)x) mara [f(x) − f(0)]/sin(x/2). Kama f ina mwinamo unaoeleweka kwenye 0, uwiano huo haulipuki, na lema ya Riemann na Lebesgue inasema integrali ya fankisheni ya namna hiyo ikizidishwa na wimbi linalozidi kwenda mbio inaelekea sifuri. Juu na chini vinafutana ndani ya integrali, jirani kwa jirani, kwenye mhimili wa x. Hicho ndicho kinachofutana, na kinafutana kwa x tofauti tofauti. Kwa x moja, mishale ya n tofauti haifutani.

Chukua kipande kutoka x = 1 hadi x = 2. Humo D_N inapanda na kushuka ndani ya bahasha inayoanzia takriban 2.09 na kuishia 1.19, na N haiipunguzi. Lakini eneo la kipande hicho, juu likitolewa chini, halizidi 4.2/(N + ½). Kwa N = 100 ni chini ya 0.042. Kwa N = 1000 ni chini ya 0.0042. Urefu umebaki, eneo limekwisha. Mtu akishaona namba hizi mbili kando kwa kando hahitaji hotuba.

Ushauri ninaousisitiza kuliko wote: usiandike δ bila integrali inayoisubiri. Kila mstari wenye delta usome kama ahadi kwamba baadaye kutakuwa na f na ∫, na kikomo cha N kichukuliwe baada ya integrali, kamwe kisiwe kabla. Ukigeuza mpangilio huo unakuwa na jumla isiyo na kikomo mkononi, na kila unachoandika baada ya hapo hakina msingi.

Ubaya wa kuamini sifuri isiyokuwepo

Wengine hujitetea: "Jibu la mwisho si lilelile?" Hapana. Eneo la D_N lenye alama ni 2π daima, lakini eneo la |D_N|, bila kuruhusu hasi kupunguza chanya, linakua. Ukiligawa kwa 2π unapata takriban 2.22 kwa N = 10, 3.14 kwa N = 100, na 4.07 kwa N = 1000. Linapanda polepole, kama logarithimu, lakini halikomi. Maana yake ipo fankisheni inayojua kuegemea kwenye vilima hivyo na kuukuza mchango wao badala ya kuufuta. Du Bois-Reymond aliionyesha mwaka 1873: fankisheni isiyo na mkatiko wowote ambayo mfululizo wake wa Fourier hauna kikomo kwenye nukta moja. Kolmogorov, mwaka 1926, alitoa fankisheni yenye integrali ambayo mfululizo wake unashindwa kila mahali. Kama D_N ingekuwa kweli inazimika nje ya kilele jinsi wanavyochora, na iwe chanya, lile la 1873 lisingewezekana.

Jambo la Gibbs nalo linatoka kwenye vilima vilevile. Wimbi la mraba kati ya −1 na 1, likijengwa kwa harmoniki (mawimbi yenye masafa yaliyo vizidishi vya yale ya msingi) nyingi kiasi chochote, linaruka hadi takriban 1.179 pembeni mwa mruko: karibu 9% ya mruko mzima. Ukiongeza harmoniki, pembe hiyo inasogea karibu na mruko bila kupungua kimo. Mara nyingi naulizwa programu ina hitilafu gani. Programu haina hitilafu. Harmoniki 50 hazitoshi, 5000 hazitoshi, na laki moja hazitatosha.

Dawa aliitoa Fejér mwaka 1900: usitumie D_N, tumia wastani wa D_0, D_1, … hadi D_(N−1). Kwenye mkokotoo ni mstari mmoja tu, zidisha kila kipeo cha n kwa (1 − |n|/N). Kiini kinakuwa sin²(Nx/2) / (N sin²(x/2)). Angalia faida yake. Hakiwi hasi kamwe, eneo lake bado ni 2π, na nje ya kilele kinashuka kwa 1/N kweli kweli. Kwa x = π na N = 101 thamani yake ni 1/101, yaani chini ya 0.01, wakati D_N hapo ni 1 au −1. Kwa kiini hiki f isiyo na mkatiko inatosha, na mwinamo hauhitajiki. Mapembe ya Gibbs yanatoweka. Gharama ni kilele kipana zaidi, hivyo mruko unapanda kwa mteremko mpole.

Kwa hiyo anayetaka kuwachorea wanafunzi "vipeo vinavyogeuka kuwa delta" achore Fejér. Akichora Dirichlet, achore na vilima vyake vyote, na aseme wazi kwamba havitashuka.

"Delta ni fankisheni yenye sifuri kila mahali na infiniti kwenye 0"

Basi 2δ ni nini? Nayo ni sifuri kila mahali na infiniti kwenye 0. Kwa maelezo hayo δ na 2δ ni kitu kimoja, na integrali ya Lebesgue ya kitu cha namna hiyo ni 0, si 1. Dirac aliitumia delta kwa uangalifu tangu miaka ya 1920. Laurent Schwartz akaipa msingi katika miaka ya 1940, na mwaka 1950 akapewa nishani ya Fields. Delta ni kanuni: ipe f laini, inakurudishia f(0). Kutokana na hapo δ(ax) = δ(x)/|a| na xδ(x) = 0 vinapatikana kwa mstari mmoja mmoja.

Na δ² haipo. Anayetafuta nguvu ya wimbi kwa kuipiga delta mraba aache. Pima kwa muda T wenye ukomo, piga mraba, gawa kwa T, kisha ndipo uiache T ikue: sin²(ωT/2)/((ω/2)²T) inaelekea 2πδ(ω), delta moja, isiyo na mraba.

"Ile 2π mbele inategemea kitabu"

Haitegemei kitabu, inategemea unachokiita x. Jaribio la sekunde kumi: fanya integrali ya pande zote mbili ndani ya kipindi kimoja. Kwa Σ e^(inx), kipindi ni 2π, n = 0 inaacha 2π, basi mbele ya delta pana 2π. Kwa Σ e^(2πint/T), kipindi ni T, basi jibu ni T Σ δ(t − kT). Vipimo navyo vinakubali: t ikiwa kwa sekunde, δ(t) ina kipimo cha 1/sekunde, T inakifuta, na kushoto ni namba tupu. Anayeandika Σ δ(t − kT) bila T mbele ameacha sekunde zikining'inia, na kosa hilo litamfuata hadi mwisho wa hesabu yake.

"Wimbi safi la 50 Hz lionekane kama delta; likivimba, jaza sifuri"

Hii inashika nafasi ya pili kwa kunichosha, na ndiyo yenye hasara za fedha, maana watu wananunua vifaa kwa sababu yake.

Delta kwenye masafa ni ya wimbi lililoanza tangu milele na lisiloisha. Wewe umerekodi sekunde moja. Ulichonacho ni kiini cha Dirichlet kilichosimikwa kwenye 50 Hz, vilima vyake vyote vikiwemo, na FFT inakichungulia kwenye nukta chache tu.

Umeme wa gridi, kwa mfano: 230 V, 50 Hz, kilele cha wimbi takriban 325 V. Chukua sampuli 1000 kwa sekunde, jumla sampuli 1000. Nafasi za FFT ziko kila 1 Hz, na 50 Hz inaangukia hasa nafasi ya 50. Nafasi nyingine zote zinaangukia kwenye sifuri za kiini. Inaonekana kama delta safi, na mtu anadhani ameiona delta.

Sasa badilisha kitu kimoja: sampuli 1024 badala ya 1000, kwa kuwa mtu fulani alikuambia FFT inataka vipeo vya 2. Nafasi sasa ziko kila 0.9765625 Hz, na 50 Hz inaangukia 51.2. Nafasi ya 51 inasoma takriban 0.935 ya ukweli, ya 52 inasoma takriban 0.23, na vilima vinajitokeza kila mahali. Nafasi ya 61, karibu 59.6 Hz, inaonyesha kama 1.9% ya kilele: takriban 6 V za wimbi ambalo halipo kwenye waya. Nimeona ripoti zikiziita "harmoniki za kati" na kupendekeza kichujio.

Kujaza sifuri hakusaidii. Ukiwa na sampuli 1000 ukaongeza sifuri hadi 8000, unapata nukta nane mahali palipokuwa na moja, lakini mkunjo ni uleule, na kilele kikuu bado kina upana wa 2 Hz kutoka sifuri moja hadi nyingine. Kwa kusoma mahali kilele kilipo, sawa, inafaa sana. Kwa kutenganisha 50 Hz na 50.4 Hz, haina msaada: unahitaji kurekodi angalau 1/0.4, yaani sekunde 2.5, na zaidi ya hapo ndiyo salama. Azimio linanunuliwa kwa muda wa kurekodi. Hakuna programu itakayokupa bure.

Yafuatayo ndiyo yanayosaidia. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, rekodi mizunguko kamili. Kiwango cha IEC 61000-4-7 kinafanya hivyo hasa kwa kupima harmoniki: mizunguko 10 ya 50 Hz, milisekunde 200, nafasi kila 5 Hz. Wala FFT za leo hazihitaji kipeo cha 2. 1000 ni 2³ × 5³ na inakokotolewa haraka. Usipokuwa na uhuru huo, zidisha sampuli na dirisha la Hann, mkunjo unaoshuka taratibu hadi sifuri kwenye ncha mbili za rekodi, kabla ya FFT. Kwenye mfano wetu zile volti 6 za nafasi ya 61 zinashuka chini ya 0.1 V. Kilele kikuu kinapanuka mara mbili, ni kweli, na hiyo ndiyo bei.

Tukiwa hapohapo, kimo cha mstari. Ukiongeza sampuli maradufu, kimo kinaongezeka maradufu, na watu hudhani wimbi limekua. FFT isiyogawanywa inatoa AN/2 kwa wimbi la kilele A: kwa 325 V na N = 1000 ni karibu 162,600. Gawa kwa N, zidisha kwa 2, isipokuwa nafasi ya 0 na ile ya nusu ya kasi ya sampuli, ambazo hazizidishwi. Ukitumia Hann gawa tena kwa 0.5, ambao ni wastani wa dirisha hilo. Kukua kwa kimo pamoja na N ndiko kuzaliwa kwa delta kwenyewe; 2N + 1 ile ya juu imerudi kwa jina jingine.

"Treni ya delta ikiwa na nafasi pana, spektra yake nayo ni pana"

Ni kinyume chake. Delta zilizoachana kwa T zinatoa delta za masafa zilizoachana kwa 1/T. Sampuli kila milisekunde 1 zinarudufisha spektra kila 1000 Hz, ndiyo maana wimbi la 950 Hz na la 50 Hz yanaacha alama zilezile kwenye sampuli na hakuna hesabu itakayoyatenganisha baadaye. Kichujio kinawekwa kabla ya kuchukua sampuli.

Treni ikiwa na delta K tu, mistari inapata upana wa karibu 1/(KT). Wanaofundisha fizikia wanalijua hili kwa jina la wavu wa mwanga: mipasuko 5 inaweka vilele vidogo 3 kati ya vikubwa viwili, mipasuko N inaweka N − 2. Ni D_N hiyohiyo, imepigwa mraba, inaonekana kwa macho ukutani.

"Integrali ya delta kutoka 0 ni 1" — "hapana, ni nusu"

Ugomvi huu hauna mshindi kwa sababu swali halijakamilika. Kwa delta inayotoka kwenye vipeo vya Fourier, D_N ni sawa pande zote mbili za 0, na integrali yake kutoka 0 hadi π ni π kwa kila N: nusu ya 2π. Ndiyo sababu mfululizo wa Fourier kwenye mruko unatua katikati, wastani wa kushoto na kulia. Kwa badiliko la Laplace la wahandisi, mpaka wa chini ni 0⁻, delta yote iko ndani, na jibu ni 1. Ukianzia 0⁺ jibu ni 0. Andika alama ndogo ya kutoa au ya kujumlisha juu ya sifuri, kila mara, hata pale unapodhani msomaji anajua.